Pigo la Pili

Karak, saa nane za usiku, nyumba ya mawe ya kukodi.
Nimemvika Lubaba kwato za punda, za mpira;
anamung'unya pipi ya mnanaa nyuma ya meno ya zimwi.
Upanga unashuka. Ghuli anaanguka.
"Nipige tena," anasihi, kama alivyoandikiwa.

"Kata!" Ghazwan hakuridhika, taa ilicheza.
"Rudieni."

Bi Nawfa, mwenye nyumba, yuko mlangoni na birika la chai:
"Ghuli hapigwi mara mbili, mwanangu.
La kwanza humuua.
La pili humfufua."

Tukacheka. Hata mimi.
Tukarudia.

Alfajiri nahesabu vifaa, kalamu sikioni:
upanga mmoja, waya, taa tatu,
kwato jozi mbili.

Jozi moja si ya mpira.