Orodha Uliyoiacha Kichwani

Shekue, nduyangu,
ile kompyuta yako ilikufa Jumanne.
Chumvi ya Tudor imeila miaka minne
kwenye mishono ya kibodi, nawe wajua.
Fundi wa Makadara kaifungua, kaifunga,
kanitoza mia tatu za kuniambia pole.

Bwana Hatim kanipigia kutoka Bondeni:
duka la dawa limerudi kwenye daftari,
karani ahesabu vidonge vya presha kwa kidole,
na mzee aliyefuata insulini
kaambiwa arudi alasiri.
"Nduyo aliniapia inafanya kazi," asema.
Ni kweli. Kwako ilikuwa ikifanya kazi.
Kwako tu, dunia nzima,
juu ya meza ile yenye mguu mfupi.

Nikaihamishia kwenye laptopu yangu.
Ikanijibu kwa maandishi mekundu: maktaba haipo.
Nikaisakinisha. Ikataka nyingine.
Hiyo nyingine nayo ina wajomba,
wajomba wana wakwe,
na kila mkwe ana masharti yake:
huyu hakubali toleo chini ya la tatu,
mwenziwe halali nyumba moja na la tatu.
Kufika saa nane za usiku
nilikuwa nimealika wageni arubaini na saba
na hakuna aliyenawa mikono.

Asubuhi ndiyo ikawa balaa.
Programu ya kontena za Shimanzi,
kazi yangu mimi, inayolipa kodi ya nyumba hii,
nayo ikagoma.
Usiku nilikuwa nimebadilisha viungo vya chungu chako,
na jikoni kwangu chungu ni kimoja.

Mama akanikuta nimelaza kichwa mezani.
Msimbo haujui. Anajua kwamba
sufuria ya papa haichemshiwi maziwa,
hata uisugue kwa jivu na ndimu.
"Najua, Mama."
Na nilijua. Ulikuwa uvivu.

Basi nikajenga chumba.
Amri moja, folda moja, tupu,
haina mlango wa kutokea uani:
kitakachowekwa humo kitabaki humo,
cha Shimanzi hakitasikia hata harufu.
Nikakipa jina lako.
Kwa hasira.

Kisha nikaanza kukutafuta kwa tarehe.
Faili la kwanza uliliandika Shaabani,
mwaka ule mvua iliangusha ukuta wa uani;
kwa hivyo ni toleo la mbili nukta nne, halizidi,
maana la nukta tano lilitoka
wewe ushapeleka pasipoti.
Nukta saba ya ile maktaba ya tarehe
ni ya wiki uliyolala sakafuni
ukaniachia kitanda, nina homa,
na mwanga wa skrini ukitembea darini usiku kucha.
Nilidhani wacheza.
Pembeni mwa mstari mmoja umeandika:
usiguse, nitaeleza.

Hukueleza. Sikugusa.

Usiku wa nne ikaamka.
Bila salamu, ikatoa jedwali:
dawa, idadi, siku ya kuharibika.
Jina la Bwana Hatim umelikosea herufi
na miaka yote hii hakukwambia.
Nimeliacha hivyo hivyo.

Ndipo nikaandika orodha.
Majina kumi na moja,
kila moja na namba yake, limepigiliwa msumari,
nikaiweka mlangoni mwa folda
aione kwanza mtu asiyekujua,
asiye na homa ya kukumbuka,
asiye na Shaabani.
Nikakutumia Doha.

Saa zenu na zetu ni moja,
kwa hivyo najua ilikuwa alfajiri kwako pia
uliponijibu maneno mawili:

Umesahau moja.

Hukusema ipi.