Robo Inchi kwa Kila Futi

Jumanne ya tatu ya Februari, mjini Duluth.
Ziwa limeganda hadi macho yanapokoma,
na Marlys Haugen kapiga magoti bafuni mwetu,
tochi mdomoni, sikio ukutani,
kama daktari anayesikiliza kifua cha mvutaji.

Daftari langu liko juu ya meza ya jikoni.
Kushoto: tulichonacho. Kulia: tunachotaka.
Elfu tisa na mia mbili,
miaka minne ya Verner kwenye karakana ya reli,
pamoja na pikipiki yake ya theluji
iliyouzwa kwa machozi ya kiume, yaani kimya.
Vigae vya kijani, elfu moja mia nane arobaini.
Bomba la manyunyu lenye shingo ya korongo.
Kibali cha manispaa.
Dharura, mia tatu.
Marlys alipofika hapo kwenye mia tatu
alikohoa, akanirudishia daftari.

Yote haya ni kwa sababu ya nyonga ya Aune,
mama mkwe wangu, miaka themanini na moja,
ambaye sasa anauogopa ukingo wa beseni la kuogea
kuliko alivyowahi kumwogopa dubu.
Tangu aanguke hujifuta kwa kitambaa, mlango kaufunga,
na mezani hatulitaji jambo hilo.

Saa nne nyundo ikaanza.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
sisi tulibomoa ukuta ndipo tukauona ufa.
Marlys akakata kipande cha bomba la chuma,
akakielekeza dirishani: Chungulia.
Kutu pande zote,
njia ya maji imebaki tundu la penseli.
Kupitia tundu lile tuliogesha watoto watatu
tukiilaumu manispaa.

Na bomba la majitaka limelala chali, halina mteremko.
Robo inchi kwa kila futi, anasema Marlys.
Ukizidisha, maji hukimbia yakaacha uchafu nyuma.
Ukipunguza, vyote vinakaa.
Kisha akanyamaza, akasogeza tochi.
Kwenye mhimili wa mbao, kwa mwandiko wa kulala:
*Nimepindisha hapa. Viwiko vimeisha, hela imeisha.
Samahani. O. Lindqvist, Novemba 1934.*

Bei mpya: elfu mbili mia sita juu ya ile ya kwanza.
Verner aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa.
Nikachukua kalamu, nikavikata vigae vya kijani.
Nikaikata shingo ya korongo.
Kwenye sinki jipya mkono ulisita, nikalikata nalo;
la zamani lina ufa mmoja tu, umepinda kama mto kwenye ramani.
Maji tulishayavulia nguo.

Siku tisa tulivuka theluji kwenda kwa akina Petroski,
taulo begani, kofia za sufi vichwani.
Bibi Petroski hakuuliza kitu.
Siku ya sita tulikuta ametuwekea sabuni yetu wenyewe.

Mabomba yalikuja ya plastiki, mekundu kwa ya moto,
buluu kwa ya baridi, na yakapita ukuta wa ndani,
si ule wa nje unaogandisha kila Januari.
Beseni likatoka kwa watu wanne na matusi ya Kifini.
Sakafu ikainama kidogo kuelekea kwenye tundu,
huwezi kuiona, ila ukiweka gololi inajua.

Kabla ya kufunga ukuta Marlys alinipa penseli.
Nikaandika chini ya mwandiko wa yule mtu:
*Tumenyoosha. Tunadaiwa mia nne. Usijali.*

Jumamosi Aune aliingia na kiti chake cha plastiki.
Tulisikia chuma cha kushikia kikilalamika mara moja,
halafu maji.
Dakika kumi. Ishirini. Arobaini.
Mvuke ukapenya chini ya mlango hadi kwenye korido,
Verner akatazama tangi la maji moto, akanitazama mimi.
Nikafungua daftari, safu ya kulia,
nikaandika *gesi*,
nikaacha nafasi ya namba.