Theluji ya Sufi

Kazi yangu ya kwanza mjini Tabora
ilikuwa kuwa kipupwe.
Nilipanda kigoda pembeni mwa pazia,
mkononi ungo wa sufi
iliyotoka kwenye mto wa marehemu shangazi yake Fundi Rehani.
Fundi akikohoa mara moja,
nilimwaga theluji.

Studio ilikuwa Ng'ambo, chumba kimoja, bati tupu,
Oktoba ikitukalia utosini kama pasi ya mkaa.
Mapazia matatu: Uswisi, Hokaido,
na la tatu halikuwa na jina,
milima tu na kibanda kinachofuka moshi.
Yote aliyachora Lubasha, mwandika vibao vya reli,
ambaye baridi kuu aliyoijua
ni ya behewa la samaki kutoka Kigoma.
Ndiyo maana theluji ya Uswisi
ilikuwa na usamawati kidogo
wa tumbo la mgebuka.

Koti lilikuwa moja. Zito, la mtumba, manyoya shingoni,
kifungo kimoja cha mfupa, kwingine uzi mtupu.
Alilivaa mkulima wa Urambo aliyekwisha kuuza tumbaku,
akataka aonekane Uswisi na baiskeli yake.
Maharusi walilivaa pamoja, kila mtu mkono wake.
Karani wa mahakama alisema,
"Mimi nipelekeni Hokaido.
Uswisi wameshajaa majirani."
Ukilinusa koti lile, ulinusa mji mzima.

"Usicheke sana," Fundi aliwaonya,
"huko midomo hupasuka."
Nao walijikaza, wakakunja mabega,
jasho likiwachuruzika mpaka kwenye soksi.

Sisi ni uzao wa wapagazi.
Miezi mitatu kwa miguu hadi pwani, pembe begani,
na hakuna aliyewaambia wasimame wapigwe picha.
Sisi tulikwenda Ulaya kwa shilingi ishirini
tukarudi ugali haujapoa.

Halafu akaja Bi Nyanzobe, muuza asali wa Gongoni,
na bahasha yenye stempu ya Leningradi.
Mwanawe Mihayo alikuwa huko, anasomea madaraja.
Kabla ya kuondoka alipita kwetu:
Uswisi, koti, kifua mbele,
sufi imemtua begani kama njiwa.
Sasa alikuwa ametuma ya kweli.

Katika ya kweli amekunja uso.
Kofia imemmeza masikio. Mkono mmoja hauna glavu.
Theluji yenyewe si nyeupe:
ina tope, ina masizi,
ina mahali mbwa alipokojoa.
Nyuma yake, nyayo,
zimetoka mbali, zimekuja mpaka kwenye visigino vyake.

"Huyu si yeye," mama alisema. "Huyu anaumwa.
Nisafishieni ile yenu, kubwa, ya kutia fremu.
Ya huku ndiyo alikuwa mzima."
Akalipa chupa mbili za asali,
na ile ya kweli akaisahau juu ya meza,
au aliiacha.

Usiku ule Fundi hakufunga mlango.
Aliiinamia picha na kioo chake cha kukuzia
huku mimi naokota sufi sakafuni, nyuzi kwa nyuzi,
maana kesho ni theluji ileile.
Mwishowe akasema,
"Lubasha alitudanganya. Milima yote hii,
na hakuna mtu aliyepita."

Akakoroga majivu na gundi kwenye kikombe cha chai.
Akavua kiatu cha kulia,
akachovya kisigino,
akaligonga pazia la Uswisi, goti hata goti,
kutoka penye upeo wa milima kushuka,
hadi pale wateja wanaposimama.

Asubuhi mtoto wa kwanza kuletwa,
amevishwa koti linaloburura chini,
hakutazama kamera. Aligeuka.
"Hizo nyayo za nani?"

Mama yake akanitazama. Mimi nikamtazama Fundi.
Fundi akakohoa.

Nilimwaga sufi yote, ungo mzima.
Haikuzifunika.