Napika Mlima

Nilikuja na slaidi sitini na mbili.
Nilizipanga Tbilisi, usiku, kwa mahaba ya mhasibu:
grafu ya buluu, grafu ya kijani,
mishale, asilimia, vyanzo kwa herufi za sisimizi.
Ukumbi wa shule, bonde la juu la Svaneti,
jiko la kuni katikati, makoti yakifuka mvuke,
na watu thelathini na wanane
waliokuja kwa kuwa mwalimu mkuu aliwaahidi chai.

Slaidi ya tatu, Gela alianza kukoroma.
Wala si kwa siri: alikoroma kama msumeno
uliokutana na fundo la mti.
Slaidi ya tisa, mabinti wawili walikuwa wakisukana.
Slaidi ya kumi na nne nikasema,
"Kama mnavyoona hapa,"
na hakuna aliyeona hapa,
hata mimi, niliyewapa mgongo
nikiusomea ukuta.

Ningemlaumu nani? Niliwahubiria theluji
watu walioichimba kwa kucha
wakitafuta kaka zao.
Nilisema "tabaka dhaifu".
Nilisema "nyuzi thelathini na nane".
Dirishani, nyuma ya mnara wa mawe,
mteremko wenyewe ulisimama
kama mgeni aliyekosa kiti.

Kisha jenereta likakohoa mara mbili
na ukuta ukawa ukuta.

Nikabaki na mdomo na mikono miwili. Mdomo ulikauka.
Gela akaamka (ukimya ndio uliomwamsha)
akauliza, "Amemaliza?"
Wakacheka. Nami nikacheka,
na kicheko hicho ndicho kilikuwa
neno la kwanza tulilosemezana.

Kwenye meza ya chai alikuwa Mzevinari,
mjane wa kitambaa cheusi.
Nikamwomba sinia. Nikamwomba sukari.
"Kijiko au viwili?"
"Mfuko mzima, mama. Na unga. Na chumvi yenu ile ya vitunguu saumu."
"Kwani unapika?"
"Napika mlima."

Unga kwanza, nikaushindilia kwa kiganja: Novemba.
Juu yake sukari, chembe zisizopatana:
baridi kavu ya Desemba, nyota nyingi, upepo hakuna.
Juu yake unga tena, mzito, uliochanganywa na chumvi: Januari.
Viberiti vitatu vikawa nyumba. Kisoda kikawa kanisa.
Sikusema "sogeeni". Viti vilisogea vyenyewe.
Wa nyuma wakapanda madawati.

Nikamwambia mtoto, Tariel, inua sinia upande mmoja,
na ninyi wengine semeni lini utaanguka.
"Bado," wakasema.
Akainua upana wa kidole. "Bado."
Kidole kingine.
Gela alikuwa ameshika pumzi.
Kisha ufa, mwembamba kama unywele kwenye bakuli,
na mlima wote ukateremka
kwa sauti ya mtu anayemnyamazisha mtoto, shii,
ukala nyumba, ukala kanisa,
ukanimwagikia viatu.

Hakuna aliyepiga makofi.
Mzevinari akachovya kidole ilipokuwa nyumba ya pili.
"Hapa," akasema, "ndipo tulipokuwa tunakula."
Akaendelea yeye. Mimi nikaketi kwenye benchi
kati ya mabinti wenye nywele nusu zimesukwa.
Alitaja saa. Alitaja supu iliyokuwa mezani,
na mbwa aliyekataa kuingia ndani tangu asubuhi.
Hakuwa na mshale wala asilimia,
na nikagundua nimeinama mbele
kiasi cha kuuma mgongo.

Maswali yalikwenda hadi kuni zikaisha.
Tukachoma mguu wa kiti kibovu, yakaendelea.
Saa nne usiku jenereta likazinduka,
ukutani ikatokea slaidi ya kumi na nne,
mshale wake ukielekeza birika.
Hakuna aliyegeuka.

Njiani kurudi nilifuta slaidi hamsini.
Kumi na mbili nimezibakiza; mimi pia ni mwoga.
Lakini mkobani, chini ya nyaya,
siku hizi nabeba sukari,
na sisimizi wa Tbilisi, wale wa kweli,
wameshaujua mlango wangu.