Neno la Herufi Nne

Miaka kumi na tisa nasimama hapa,
Mahakama ya Mombasa, chumba cha tatu,
kati ya meza ya hakimu na kizimba.
Mdomo wangu si wangu:
ni wa mwizi wa betri za malori Changamwe,
ni wa mpangaji wa Bondeni aliyefungiwa mlango,
ni wa wakili anayekohoa kabla ya kila swali.

Jumatano ile alipanda Bi Mwanamkuu Shee,
miwani imefungwa uzi sikioni.
Shemejiye ataka nyumba ya Kibokoni.
Sheria yasema miaka saba kimya ni kifo,
na Twaha, mumewe, alikwenda Jeddah kuendesha lori
kitinda mimba wao hajang'oa jino;
leo kijana huyo ana ndevu, kaketi benchi la nyuma.

Wakili akakohoa. Je, mumeo amerudi?
"Bado."

Nikafungua kinywa, nikakikuta kitupu.

Kiingereza kina neno la herufi tatu
la kitu ambacho hakijaja,
na jingine la herufi tano
la kitu ambacho hakijakoma;
kila moja na chumba chake, na kufuli lake.
Letu lina herufi nne.
Limekaa kizingitini,
mguu ndani, mguu barazani.

Wali umeiva? Bado.
Waumwa bado? Bado.
Kodi je? Bado, na mwenye nyumba ajua
hiyo si ahadi, wala si tusi.
Fundi wangu wa kanzu, kule Makadara,
huniambia "bado kidogo",
na kidogo hicho kimeshafunga Ramadhani mbili.

Feni ilikuwa imekwama. Hakimu ananingoja.
Nikachagua neno la herufi mbili,
fupi, lisilo na dirisha.
Kalamu ikaliandika.

Bi Mwanamkuu akainua kidole.
Alifua nguo Nyali miaka mingi, neno hilo alijua.
"Sikusema hapana, mwanangu.
Hapana ni ya makaburini.
Mimi nimesema bado."

"Mkalimani, shahidi asema nini?"
"Mheshimiwa, asema hajaja.
Na asema yuwaja."
"Ni lipi kati ya hayo?"

Nikanyamaza. Miaka kumi na tisa, mara ya kwanza.
Nyuma, yule kijana akajikuna kidevu.

Hakimu akakata neno langu mstari mmoja,
akaandika la mama vilevile, kwa herufi zake,
katikati ya Kiingereza chake chote,
kama chuya katika mchele.
Kesi ikasogezwa hadi Novemba.

Alasiri karani akaja na mwenendo aliouchapa.
Mashine imelipigia mstari mwekundu chini.
"Hili nilifute?"

Nikalitazama.
Niliona aibu kidogo, sijui ya nini.
"Liache," nikamwambia. "Lina mtu."