Fimbo Isiyo na Nyuki

Aliingia nayo dukani imefungwa kwenye kanga iliyochuja,
Nshoma, mjukuu wa yule mhudumu wa klabu ya reli,
akailaza juu ya benchi, kati ya randa na kopo la gundi.
"Mtu wa Dar anatoa milioni mbili
ukithibitisha ni ya Fundi Igulu.
Bila hivyo laki na nusu, na nauli yake juu yangu."

Sikujibu. Niliiviringisha kwanza juu ya kioo cha kabati,
nikainama, jicho usawa wa kioo,
nikitafuta mwanga unaopenya chini ya tumbo lake.
Haukupenya.
Miaka hamsini ya kiangazi cha Tabora,
kiangazi kinachopasua hata milango ya msikiti,
na bado imenyooka kama reli ya kwenda Urambo.

Nikaipima kwa mizani ya jirani muuza asali:
nusu kilo na gramu arobaini.
Nikakwangua kidogo penye giza, chini ya uzi wa mshiko,
nikanusa. Mninga, huo hauna ubishi,
uliokaushwa darini, si wa tanuri;
na meno manne ya mpingo
yamepanda kutoka kitakoni kuelekea kiunoni.

Ule mviringo mweupe penye maungio
Nshoma aliuita pembe ya ndovu, kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja deni.
Nikapasha sindano, nikaugusa.
Ukanuka unywele ulioungua.
"Mfupa. Ng'ombe tu."
Akashusha pumzi; sijui ni hasara iliyomtoka
au hofu ya maafisa wa maliasili.

Nikafungua skrubu ya shaba.
Hesi zake ni za bomba la mafuta la garimoshi,
na karakana moja tu mjini ilikata hesi za namna ile.

Mpaka hapo kila kitu kilisema Igulu.
Lakini Igulu alikuwa na nyuki:
mbawa mbili na kitone,
kwa msumari wa moto, chini ya kitako.
Nikageuza. Nikasugua kwa mate na kitambaa.
Hapakuwa hata na kovu la nyuki aliyefutwa.

"Labda alisahau," akasema Nshoma.

Igulu? Igulu alikumbuka hata msumari uliopinda.

Nikarudi kwenye meno, nikayapima kwa ukucha.
La kwanza, la pili, la tatu, sawa.
La nne limepungua punje ya ulezi.

Hapo mkono ukajua kabla yangu.

Sabini na nne, karakana ya reli, saa ya chakula,
kijana wa miaka kumi na saba ana msumeno wa kuazima
na king'ora cha saa nane kinakaribia kulia.
Nilikata kwa haraka.
Igulu aliitazama fimbo ile muda wa sigara nzima,
akasema: Inacheza. Ila nyuki wangu hatui hapo.
Akampa mhudumu wa klabu, bure,
nami sikumsemesha mpaka Ramadhani ilipokwisha.

Msumari ninao. Moto ninao.
Nyuki najua kumchora, nilijificha nikajifunza.
Dakika moja, na Nshoma anaezeka nyumba yake ya Isevya.
Nadhani alinisoma,
maana aligeuza uso kando, kwenye vumbi la mbao, akangoja.

Nikachukua karatasi ya risiti, nikaandika:
*Mninga. Mpingo. Mfupa wa ng'ombe. Shaba ya reli.
Imenyooka. Jino moja fupi.
Fundi: yu hai.*

Akaisoma mara mbili, midomo ikitembea.
"Na aliye hai," akauliza, "bei yake ngapi?"

Nimekadiria vitanda vya marehemu, milango, kinanda cha misheni,
sijawahi kukosa tarakimu.
Nikamwambia aje Jumatatu.

Fimbo aliiacha. Usiku niliiegemeza ukutani,
nikalala, nikaamka, nikaenda kuilaza:
mti ulioegemezwa hupinda.