Panapopinda

Ulialika mara moja tu, kama kidole,
mlimani Pugu, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
na mnyororo ukateremka wenyewe, jino kwa jino,
hadi gia ndogo kuliko zote, ile ngumu,
ninayoigusa nikiwa na upepo mgongoni.
Wenzangu wakapotea kwenye kona.
Nikasimama juu ya pedali, nikakanyaga, nikashuka,
nikaisukuma baiskeli kwa mikono,
vyuma vya viatu vikigonga lami ko, ko, ko,
kama mbuzi aliyechelewa mnadani.

Gerezani, Fundi Mkude aliigeuza juu chini,
akapuliza vumbi ambalo halikuwapo.
"Hii si Foniksi, dada. Hii ni saa ya mkononi.
Elfu arobaini, na uiache hadi Jumatano."
Nikanunua waya tu, elfu nne,
umeviringishwa kwenye nailoni kama tambi,
naye akanisindikiza kwa macho
kama mtu aliyeambiwa: nitajinyoa kisogo mwenyewe.

Sasa niko barazani, Tabata Kimanga.
Baiskeli imening'inia kwenye nondo za dirisha kwa khanga kuukuu,
maandishi yamefifia, limebaki neno moja: *jirani*.
Hidaya, mtoto wa dada, anamulika kwa simu,
maana umeme umekwenda
na chaji imebaki asilimia kumi na tisa.
"Mama mdogo, tunatafuta nini?"
Kichwa. Tunatafuta kichwa cha waya,
punje ya risasi isiyozidi choroko,
kimebaki ndani ya mkono wa breki wa kulia,
kimejificha humo na ndevu zake tano.
Nimejaribu bisibisi. Nimejaribu pini ya ushungi.
Nimejaribu kibano cha nyusi cha Hidaya, akapiga kelele.
Uzi mmoja umenichoma chini ya ukucha,
damu ikaja taratibu, haina haraka na mimi.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Labda kamba.
Waya huu una unene uleule kutoka kichwani hadi mkiani,
nimeupima kwa kidole.
Ulikatikia panapopinda.
Humo ndani, gizani, kila nilipobonyeza
uzi mmoja ulichoka, kisha mwingine,
na mimi juani nikiilaumu gia ya tatu
kwamba siku hizi inasitasita, ina kiburi.
Majuma matatu ulikuwa unaniambia.
Nikafikiria goti langu.
Nikafikiria ofisini, "hamna shida bosi, naleta,"
nikaacha kufikiri. Choroko haijatoka.

Ikatoka yenyewe.
Nilibonyeza mara ya kumi, au ya kumi na moja, kwa hasira tu,
nikaipindua baiskeli, na *tiki* sakafuni,
ikabingirika kuelekea mtaroni,
Hidaya akaikanyaga kwa ndala.
Tulicheka mpaka Mama Shukrani akachungulia.

Waya mpya nikaupaka grisi kwa vidole, nikausukuma:
ukapita mkononi, ukaingia kwenye ganda lake jeusi,
ukafuata bomba la chini, ukapotea,
ukatokea nyuma kama mtoto aliyetumwa dukani
akarudi na chenji yote.
Nikauvuta kwa koleo, nikakaza parafujo, nikazungusha pedali.
Gia ikapanda mbili kwa mpigo, ikarudi moja,
ikapiga kelele za sufuria.
Robo mzunguko. Bado. Robo nyingine.
Nimezidisha. Rudisha nusu ya robo.
"Nusu ya robo ni thumni," anasema Hidaya,
ana mtihani wa hesabu Jumatatu.
Haya, rudisha thumni.
Ta. Ta. Ta. Ta.
Zinapanda hadi ya sita. Ya saba bado inanong'ona.

Ncha ya waya nimeiziba kwa rangi ya kucha, nyekundu,
kofia yake sina.
Simu imezimika. Sabuni ya unga na mchanga
vimeshindwa kuitoa grisi kwenye mistari ya viganja.
Kesho alfajiri, Pugu.
Koleo nimelitia mfuko wa nyuma wa jezi.
Ya saba nitaisikiliza njiani.